Mkulima na mfugaji nyuki: Namna mkataba wa uchavushaji unavyowaunganisha

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Februari, malori makubwa yaliyofunikwa kwa nyavu huingia katika Bonde la Kati la jimbo la California, nchini Marekani, yakiwa na shehena isiyo ya kawaida. Kila lori hubeba mizinga zaidi ya 400 iliyojaa nyuki walio hai. Baadhi ya malori hayo hutoka Florida, upande wa pili wa nchi, safari ya maelfu ya kilomita.

Nyuki hao hawapelekwi huko kwa ajili ya asali. Wamekodishwa. Kazi yao, itakayochukua wiki chache tu, ni kuchavusha maua ya milozi, yaani miti inayozaa lozi. California peke yake huzalisha takriban asilimia 80 ya lozi zote zinazouzwa duniani, na mavuno hayo yangeporomoka kama malori hayo yasingefika kwa wakati.

Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, wazo la mkulima kumlipa mfugaji nyuki ili alete mizinga shambani linaweza kuonekana kama kichekesho. Kwetu nyuki ni asali na nta, na pengine ni kero anapojenga darini. Hata hivyo, katika nchi kadhaa kazi ya nyuki kwenye maua imekuwa huduma yenye bei, mkataba, madalali na wakaguzi. Makala haya yanaeleza huduma hiyo inavyoendeshwa, pande mbili zinavyokutanishwa, na ni kitu gani mkulima na mfugaji wa kwetu wanaweza kujifunza bila kuiga kila kitu.

Uchavushaji ni nini?

Ili mmea uzae tunda au mbegu, chavua kutoka sehemu ya kiume ya ua sharti ifike kwenye sehemu ya kike. Kuna mimea ambayo kazi hii hufanywa na upepo. Mahindi na mtama ni mfano. Mpunga na ngano hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Lakini mimea mingi inahitaji mdudu, ndege au popo wa kubeba chavua hiyo.

Nyuki hufanya kazi hii bila kukusudia. Yeye hutafuta mbochi, yaani maji matamu yaliyo ndani ya ua, pamoja na chavua yenyewe, ambayo ni chakula cha majana, watoto wa nyuki. Chembe za chavua hunata kwenye manyoya ya mwili wake na kudondoka katika ua linalofuata. Jambo la kumnufaisha mkulima ni kwamba nyuki wa asali, akishaanza safari kwenye aina moja ya maua, huendelea na aina hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo chavua ya tikiti hufika kwenye tikiti, na ya alizeti hufika kwenye alizeti.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kati ya mazao 115 makuu ya chakula duniani, mazao 87 hunufaika kwa kiwango fulani na wadudu na wanyama wanaochavusha. Ni vyema kuelewa takwimu hiyo kwa usahihi. Haimaanishi kuwa bila nyuki dunia nzima itakufa kwa njaa, kwa kuwa nafaka zinazotulisha hazimtegemei. Maana yake ni kwamba matunda, mboga, mbegu za mafuta, kahawa na njugu za aina nyingi zingepungua, kukosa ubora au kupanda bei.

Mazao yanayohitaji nyuki, na yasiyohitaji

Kabla ya mkulima kutafuta mfugaji, jambo la kwanza ni kujua kama zao lake linamhitaji nyuki wa asali.

Tikiti maji ni mfano ulio wazi kuliko yote. Mmea huu una maua dume na maua majike, kila moja peke yake. Ua jike hufunguka kwa siku moja tu. Wataalamu wanaeleza kuwa linahitaji chembe za chavua zipatazo 1,000, zilizosambaa vizuri, na hilo hutimia baada ya nyuki kulitembelea mara kadhaa. Likikosa kabisa, hunyauka na kudondoka. Likipata kidogo, tunda hutokea lakini huwa limepinda au limesinyaa upande mmoja, na mnunuzi hulikataa. Mara nyingi mkulima hulaumu mbegu au mbolea, kumbe kilichokosekana ni nyuki wa saa za asubuhi. Matango na maboga yana hali inayofanana na hiyo.

Parachichi nalo lina tabia ya pekee. Ua lake moja hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa jike, kisha hufunga, na mara ya pili likiwa dume. Kwa kuwa chavua ya kutosha haiwezi kujipeleka yenyewe kutoka ua hadi ua, nyuki ni msaada mkubwa.

Kahawa ya arabika hujichavusha yenyewe, lakini nyuki huiongezea thamani. Katika utafiti uliofanyika kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2014, uzito wa matunda ya kahawa uliongezeka kwa wastani wa takriban asilimia 7 pale nyuki na wadudu wengine waliporuhusiwa kufika kwenye maua. Alizeti vilevile hunufaika, ingawa aina nyingi za mbegu chotara huweza kujichavusha kwa kiasi.

Kwa upande mwingine, mkulima wa nyanya asiharakishe kukodi mizinga. Ua la nyanya hushikilia chavua yake ndani ya mirija, na huitoa linapotikiswa kwa mtetemo maalumu. Nyuki wa asali hawezi mtetemo huo. Nyuki wakubwa wa mwituni, wakiwamo wale wanaotoboa mbao, ndio wenye uwezo. Mihogo na ndizi za kawaida za chakula nazo hazihitaji huduma hii, kwa sababu kinachovunwa kwenye muhogo ni mzizi, na ndizi hukua bila kuchavushwa.

Soko la nyuki wa kukodi

Huko California hoja ya mkulima kumtafuta mfugaji nyuki inatokana na maumbile ya mti wenyewe. Aina nyingi za milozi haziwezi kuzaa kwa chavua yake zenyewe wala ya mti wa aina ile ile. Ndiyo maana wakulima hupanda aina mbili au zaidi kwa mistari inayopishana, na lazima awepo wa kuvusha chavua kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Mashamba haya yamefikia zaidi ya ekari milioni moja. Nyuki wa asili waliopo hawawezi kukidhi haja hiyo, kwa sababu maua yote hufunguka kwa pamoja, katikati ya Februari, wakati baridi haijaisha.

Kipimo cha kawaida ni mizinga miwili kwa ekari. Kwa hesabu hiyo, msimu mmoja huhitaji zaidi ya nusu ya mizinga yote iliyopo Marekani. Hakuna tukio jingine duniani linalowakusanya nyuki wengi kiasi hicho mahali pamoja.

Bei imefuata mahitaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mzinga mmoja ulikodishwa kwa dola za Marekani 50 hadi 60. Kufikia mwaka 2006 ada ilikuwa imepita dola 130, kwa kuwa mashamba yaliongezeka huku nyuki wakipungua. Katika miaka ya hivi karibuni imekuwa karibu dola 200. Hivyo mkulima mwenye ekari 100 hukodi mizinga 200 na kulipa dola 40,000 kabla hajaona hata lozi moja.

Kwa mfugaji, fedha hizo zimebadili kazi yenyewe. Wengi wa wafugaji wakubwa sasa hupata kutokana na uchavushaji mapato yanayolingana na ya asali au kuyazidi. Baada ya milozi, baadhi huelekea kwenye matufaha ya jimbo la Washington, wengine kwenye mashamba ya bluberi huko Maine, kisha wakati wa kiangazi huenda Dakota Kaskazini na Kusini, ambako nyuki hupumzika na kutengeneza asali kutokana na maua ya malishoni.

Tangu miaka ya karibuni zimepatikana aina za milozi zinazojichavusha, na wakulima wanaozipanda hutumia mizinga michache zaidi. Hata hivyo, wengi hawajaacha kabisa kukodi.

Namna wanavyokutanishwa

Mkulima wa lozi hamjui mfugaji aliyeko Florida, naye mfugaji hajui ni shamba gani lenye nafasi. Kuna njia tatu za kuwaunganisha.

Ya kwanza ni mahusiano ya moja kwa moja, ambapo mkulima na mfugaji hufanya kazi pamoja mwaka hadi mwaka. Njia hii hujenga uaminifu, na wengi huipenda.

Ya pili ni dalali. Huyu hukusanya mizinga kutoka kwa wafugaji wengi, hutafuta wakulima, hupanga siku za kuingia na kutoka, huonyesha madereva mahali pa kushusha mizinga usiku, na hukata ada yake kwa kila mzinga. Faida yake kubwa huonekana siku ya tatizo. Mfugaji mmoja akifiwa na nyuki wake wakati wa baridi, dalali hujaza pengo kwa mizinga ya mwingine, na mkulima habaki mikono mitupu. Hasara yake ni kwamba dalali asiye mwaminifu anaweza kuchukua fedha za pande zote mbili, ndiyo maana wafugaji hushauriana kuhusu nani anafaa kuaminiwa.

Ya tatu ni orodha zinazotunzwa na vyama vya wafugaji, idara za kilimo za majimbo na vyuo vikuu. Orodha hizo hueleza mfugaji yuko eneo gani, ana mizinga mingapi ya kukodisha na anahudumia mazao yapi. Kwa mkulima mdogo mwenye ekari chache za maboga au matufaha, ambaye dalali mkubwa hawezi kumshughulikia, orodha hizo ndizo msaada. Nyingi sasa zinapatikana katika intaneti.

Kinachoandikwa katika mkataba

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya uchavushaji methali hii ina uzito wa pekee, kwa sababu bidhaa inayouzwa haihesabiki kwa macho. Mzinga uliofungwa unaweza kuwa na nyuki wengi au ukawa karibu mtupu, na kwa nje yote miwili inafanana.

Kwa sababu hiyo, kipengele cha kwanza ni nguvu ya kundi. Huko California mikataba mingi hutaka wastani wa fremu nane zilizofunikwa na nyuki katika kila mzinga. Sababu yake ni ya kibiolojia. Kundi dogo huwazuia nyuki wake wengi nyumbani ili kuwapa majana joto, na huwatuma wachache tu shambani. Kundi kubwa hutoa nyuki wengi zaidi wa kwenda kwenye maua, na ongezeko hilo hupita uwiano wa ukubwa wake. Mkaguzi asiyeegemea upande wowote hufungua sehemu ya mizinga, huhesabu fremu na kuandika taarifa. Wastani ukishuka, malipo hupungua. Ukipanda, mikataba mingine hutoa nyongeza.

Kipengele cha pili ni wakati. Nyuki wakifika mapema mno, huzoea maua mengine ya jirani na huchelewa kuhamia kwenye zao. Wakifika wamechelewa, maua yamekwisha. Kwa matikiti na matango inashauriwa mizinga iingie maua majike yanapoanza kuonekana. Mkataba hutaja vilevile siku ya kuondoka, jambo ambalo lina umuhimu kwa pande zote mbili, kwani mkulima akitaka kupulizia dawa baada ya maua, nyuki sharti wawe wameondoka.

Kipengele cha tatu ni mahali. Mizinga huwekwa palipo pakavu, panapopata jua la asubuhi, mbali na njia za watu, na gari liweze kufika hata mvua ikinyesha. Mkulima hutakiwa kuhakikisha kuna maji safi karibu.

Kipengele cha nne ni malipo. Kwa kawaida sehemu hulipwa mizinga inapoingia na iliyobaki huduma inapokamilika. Mkataba hueleza pia nani atabeba hasara mizinga ikiibwa. Wizi wa mizinga si jambo dogo: mwaka 2017 polisi katika wilaya ya Fresno, California, walikamata maelfu ya masanduku ya nyuki yaliyoibwa kutoka kwa wafugaji mbalimbali, yenye thamani iliyokadiriwa kukaribia dola milioni moja.

Dawa za kuua wadudu

Kipengele cha tano kinastahili kuelezwa peke yake, kwa maana ndicho kinachovunja urafiki mwingi kati ya mkulima na mfugaji.

Mkulima hununua dawa ili kuwaua wadudu waharibifu, nayo haichagui. Ikipuliziwa mchana wakati maua yamefunguka, nyuki hufa shambani au huibeba hadi mzingani. Mara nyingine hatari haitoki kwenye dawa moja. Mwaka 2014, mwishoni mwa msimu wa lozi huko California, wafugaji waliripoti kuwa takriban mizinga 80,000 ilikufa au kuharibika. Lawama zilielekezwa kwenye desturi ya kuchanganya dawa za wadudu na dawa za ukungu katika tangi moja. Baadhi ya dawa zinazodhaniwa kuwa salama kwa nyuki zinapokuwa peke yake huwa sumu kali zaidi zikichanganywa. Mwaka huo huo bodi ya wakulima wa lozi ilitoa mwongozo wa namna ya kuwatunza nyuki, ukiwataka wakulima waepuke dawa za kuua wadudu wakati wa maua, na wanapolazimika kupulizia dawa ya ukungu, waifanye kazi hiyo alasiri au usiku, nyuki wanapokuwa wamerudi.

Sheria za jimbo hilo nazo zinamtaka anayekusudia kupulizia dawa yenye sumu kwa nyuki kwenye mimea iliyo katika maua aulize kwanza kama kuna mizinga ndani ya maili moja, na awape taarifa wafugaji walioomba kuarifiwa saa 48 kabla. Ili taarifa hizo zipatikane, wafugaji huandikisha mahali mizinga yao ilipo. Tangu mwaka 2019 uandikishaji huo hufanyika kupitia mfumo wa intaneti uitwao BeeWhere.

Hapa ndipo inapoonekana kuwa kuwaunganisha mkulima na mfugaji si suala la kubadilishana anwani tu. Ni kuweka utaratibu ambao kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini, siku gani.

Gharama anayoibeba nyuki

Haitakuwa haki kueleza biashara hii kana kwamba haina kasoro. Mizinga ya nchi nzima inapokusanywa bonde moja, magonjwa nayo hukusanyika na kurudi kila pembe. Varoa, kijidudu cha jamii ya utitiri kinachomnyonya nyuki na kumwambukiza virusi, kiligunduliwa Marekani mwaka 1987. Mwishoni mwa mwaka 2006 mfugaji Dave Hackenberg alikuta mizinga yake mingi huko Florida ikiwa imebaki na malkia na majana, huku nyuki wakubwa wametoweka bila hata mizoga kuonekana. Tatizo hilo likaenea katika majimbo mengi. Hadi leo wataalamu hawalihusishi na sababu moja, bali mchanganyiko wa varoa, virusi, lishe duni na kemikali.

Msiba mwingine ulitokea kati ya Juni 2024 na Machi 2025, ambapo wafugaji wa kibiashara waliohojiwa walipoteza kwa wastani zaidi ya asilimia 60 ya makundi yao. Watafiti wa wizara ya kilimo ya nchi hiyo walikuta virusi vinavyoenezwa na varoa, na varoa waliopimwa walikuwa sugu kwa dawa iliyotegemewa kwa miaka mingi. Mfugaji aliyeingia mkataba wa mizinga 2,000 akabaki na 800 huanguka yeye, na mkulima wake huhangaika.

Funzo lililopo ni kwamba shamba kubwa la zao moja, lililofyekwa kila ua la porini, hujitengenezea utegemezi. Mkulima mwenye vichaka na miti ya asili pembezoni mwa shamba ana wachavushaji wasiodai ada.

Hali ilivyo kwetu

Nchini Tanzania kukodisha mizinga kwa ajili ya uchavushaji ni jambo lisilo la kawaida, na zipo sababu za msingi. Mashamba mengi ni madogo, na nyuki wa mwituni bado wapo. Sehemu kubwa ya mizinga ya mikoa kama Tabora na Katavi ni ya magogo au magome, inayoning'inizwa juu ya miti katika misitu ya miombo. Mzinga wa namna hiyo ni mzuri kwa asali, lakini haukaguliki kwa urahisi na kuusafirisha ni taabu. Nyuki wetu, ambao ni wa jamii ile ile ya nyuki wa asali wa Marekani, ni wepesi wa kuhama wanapobughudhiwa, na ni wakali zaidi.

Pamoja na hayo, haja ipo. Kilimo cha matikiti, parachichi na mboga za jamii ya matango kimepanuka, na matumizi ya viuatilifu yamepanuka pamoja nacho. Katika mradi wa taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe yenye makao yake Nairobi, mizinga ilipelekwa kwenye mashamba ya wakulima wadogo wa parachichi huko Murang'a, Kenya, sambamba na mbinu za kudhibiti wadudu bila kutegemea dawa kali. Mavuno yaliongezeka.

Kuna kikwazo cha kiutawala ambacho hakizungumzwi sana. Nchini Tanzania ufugaji nyuki uko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, na Sheria ya Ufugaji Nyuki ni ya mwaka 2002. Kilimo kina wizara yake. Matokeo yake ni kwamba afisa ugani anayemshauri mkulima kuhusu dawa si yule anayemshauri mfugaji kuhusu mizinga, ingawa mashamba ya wawili hao yanaweza kutenganishwa na mfereji tu. Mwenye dawa hajui kuna manzuki jirani. Mwenye manzuki hajui siku ya kupulizia. Nyuki wakifa, kila mmoja humlaumu mwenzake.

Namna ya kuanza

Si lazima kuanza na malori na dola. Hatua zifuatazo zinawezekana katika kijiji chochote.

Kwanza, mkulima afanye jaribio ili ajue kama shamba lake lina upungufu wa wachavushaji. Achague maua majike kadhaa ya tikiti au boga, ayaweke alama, na asubuhi ayapake kwa mkono chavua kutoka ua dume. Ayaweke alama pia maua mengine kama hayo na kuyaacha kama yalivyo. Ikiwa yaliyopakwa kwa mkono yatazaa vizuri zaidi kuliko yaliyoachwa, nyuki hawatoshi. Ikiwa hakuna tofauti, asitumie fedha yake kukodi mizinga.

Pili, wahusika wakutanishwe. Afisa nyuki wa wilaya ana taarifa za vikundi vya wafugaji. Afisa ugani na chama cha ushirika wanawafahamu wakulima. Orodha ya kurasa mbili iliyobandikwa katika ofisi ya kijiji, ikionyesha nani ana mizinga inayohamishika na nani analima zao gani mwezi gani, inaweza kufanya kazi ya dalali. Wenye mizinga ya viunzi vya juu au ya fremu ndio wanaofaa kuanza nao, kwa kuwa nguvu ya kundi inaweza kukaguliwa na mizinga kuhamishwa usiku ikiwa imefungwa vizuri.

Tatu, makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja na mashahidi wawili. Yataje idadi ya mizinga, hali ya makundi, siku ya kuleta na ya kuondoa, mahali pa kuweka, nani analinda, na fidia itakuwaje nyuki wakiuawa kwa dawa au mtu akidungwa. Malipo yanaweza kuwa fedha taslimu. Mahali ambapo fedha ni haba, mkulima anaweza kutoa nafasi na ulinzi, mfugaji akavuna asali, na kila mmoja akabaki na faida yake. Asali hiyo lakini haitakuwa nyingi kwa kila zao. Maua ya matikiti na maboga hayatoi mbochi ya kujaza mizinga, hivyo mfugaji ana haki ya kudai ada.

Nne, usalama uzingatiwe. Mizinga iwe mbali na nyumba, shule, njia na mazizi, ikizungukwa na uzio wa miti au kichaka kinachowalazimisha nyuki kuruka juu. Palizi na umwagiliaji karibu na mizinga vipangwe kwa kushauriana na mfugaji.

Tano, na hili halina gharama yoyote, mkulima amwarifu jirani yake mwenye mizinga siku mbili kabla ya kupulizia dawa, asome maelezo ya kibandiko, atumie dawa zilizosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na apulizie jioni maua yakiwa yamefunga au nyuki wakiwa wamerudi. Hata pasipokuwapo mkataba wala ada, utaratibu huu pekee unaweza kuokoa makundi mengi na kuongeza mavuno ya shamba lile lile lililopuliziwa.

Wahenga walituachia usemi kwamba ukimfuata nyuki utakula asali. Mkulima wa matikiti hana haja ya kumfuata mbali. Ajue tu mizinga iliyo karibu ni ya nani, na amwendee mwenyewe kabla maua hayajafunguka.